Barua ya wazi: Kabla kijiko hakijaingia Ihefu

Kwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Waziri wa Maji, Waziri mwenye dhamana ya mazingira, Kamishna wa Uhifadhi wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji.

YAH: UCHIMBAJI WA MALAMBO YA WANYAMAPORI KATIKA ARDHIOEVU

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kila kiangazi kinapokolea na Mto Ruaha Mkuu unapokatika, picha za viboko waliobanana katika tope huanza kusambaa, na baada ya picha huja ushauri uleule: serikali ipeleke mitambo, ichimbe malambo, wanyama wapate maji. Ushauri huo hutolewa na watu wenye huruma ya kweli, nami sina nia ya kuubeza. Ninachoomba ni kwamba kabla ya lambo lolote kuchimbwa ndani ya ardhioevu, na hasa ndani ya Ihefu katika bonde la Usangu, swali la mahali lijibiwe kabla ya swali la fedha, na sheria tulizojitungia wenyewe ziifunge serikali kama zinavyomfunga mkulima mwenye jaruba moja. Sijibu mradi wowote uliotangazwa. Ninaandika mapema kwa sababu nimefanya kazi za maji kwa muda wa kutosha kujua kwamba zabuni ikishatangazwa, ushauri wa kitaalamu huonekana kuwa ni kuchelewesha maendeleo.

Naomba nianze na umbo la ardhi yenyewe, kwa kuwa hoja yangu yote imesimama hapo. Maji ya Ruaha Mkuu hutoka katika milima ya Kipengere na Uporoto, yakashuka kwa mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na mingineyo, yakapita katika mashamba ya mpunga, kisha yakatandaa katika tambarare ya Usangu, ambako upande wa mashariki kipo kinamasi cha kudumu tunachokiita Ihefu. Kinamasi hicho kina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya kizingiti, mto hutiririka kuingia katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ukapita Msembe, yalipo makao makuu ya hifadhi, ukaenda hadi Mtera penye mitambo ya umeme ya megawati 80, na baadaye Kidatu penye megawati 204. Maji yakishuka chini ya kizingiti, hata kwa upana wa kidole, mto hukatika, ingawa nyuma ya mwamba huo kinamasi bado kina maji. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1993, na tangu hapo mto umekuwa ukikauka karibu kila kiangazi, miaka mingine kwa wiki chache na mingine kwa miezi.

Kutokana na umbo hilo, jambo la kwanza linalojitokeza ni kwamba wanyama tunaowaona wakiteseka kwenye picha hawako Ihefu. Wako chini ya kizingiti, katika mkondo mkavu wa mto ndani ya hifadhi, ambako madimbwi machache yaliyobaki yanagombaniwa na viboko, mamba, nyati na samaki. Kuchimba malambo ndani ya kinamasi ni kuchimba mahali ambapo maji tayari yapo, kwa ajili ya wanyama ambao wako mbali na hapo. Kwa nini basi wazo hili linavutia? Nadhani ni kwa sababu ni rahisi. Mtambo wa kijiko ukishuka mita mbili katika udongo wa kinamasi hukuta maji siku hiyohiyo, lambo hujaa bila pampu wala bomba, na picha ya uzinduzi hupendeza, ilhali mtu anayechimba katika ardhi kavu karibu na Msembe lazima apime, atoboe, anunue pampu ya sola, na mwisho huenda akakosa maji yenyewe.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kila shimo linalochimbwa ndani ya kinamasi, sakafu yake ikiwa chini ya usawa wa kizingiti cha Ng'iriama, ni bakuli ambalo maji yake hayatafika mtoni kamwe. Lambo la hekta moja lenye kina cha mita 2 hubeba mita za ujazo 20,000. Mtu anaweza kusema kiasi hicho ni kidogo mbele ya mafuriko ya Aprili, na atakuwa amesema kweli. Lakini hesabu ya mto huu haifanywi Aprili, hufanywa kiangazi, mtiririko unapokuwa mwembamba. Tuseme kizingiti kinapitisha lita 100 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 8,640 kwa siku: malambo matano ya ukubwa huo yangehitaji maji ya siku zaidi ya 11 za mtiririko kama huo ili yajae. Mvua za kwanza zinapoanza kuinua kina cha kinamasi, mashimo hayo ndiyo yanayodai kujazwa kabla mto haujapewa chochote, na huo ndio wakati wanyama wa huko chini wamedhoofika kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Kisha kuna jua. Nikikadiria kwamba maji yaliyo wazi hupoteza milimita 6 kwa siku wakati wa kiangazi, na hilo si kadirio la kutia chumvi kwa tambarare yenye joto na upepo kama Usangu, hekta moja ya lambo hupoteza mita za ujazo 60 kila siku, yaani lita 60,000. Tembo mkubwa hunywa kati ya lita 150 na 200 kwa siku. Kwa maneno mengine, jua hunywa katika lambo moja maji ya kuwatosha tembo 300 au zaidi kabla tembo wa kwanza hajafika. Najua nitajibiwa kwamba hata nyasi na matete ya kinamasi hupoteza maji, na jibu hilo ni sahihi wakati wa masika. Hata hivyo, pembezoni mwa kinamasi nyasi za msimu hukauka na kuacha kunyonya maji ya ardhini, wakati lambo lililochimbwa mahali hapohapo huendelea kuwa wazi kwa jua hadi mwisho wa kiangazi, likivuta maji kutoka katika udongo unaolizunguka.

Hatari nyingine haionekani kwa macho hadi iwe imeshatokea. Sehemu nyingi za ardhioevu hushikilia maji yake kwa sababu chini ya tope kuna tabaka la mfinyanzi lisilopitisha maji kwa urahisi, na chini ya mfinyanzi mara nyingi kuna mchanga. Mwendesha mtambo asiyepewa vipimo huchimba mpaka aone maji yanabubujika, na akishatoboa mfinyanzi na kugusa mchanga, huenda amefungua tundu ambalo eneo lote la jirani litapotezea maji yake. Kuliziba baadaye si kazi ya kawaida, kwa kuwa mfinyanzi uliorudishwa kwa kijiko bila kushindiliwa ipasavyo haushiki tena kama ulivyokuwa umeshika kwa karne nyingi. Ndiyo maana fundi wa maji mwenye uzoefu hutoboa kwanza mashimo ya majaribio kwa mkono, akajua unene wa kila tabaka, na akaandika kwenye mchoro kina ambacho mtambo hauruhusiwi kukivuka.

Kifusi nacho ni tatizo linalopuuzwa mno. Udongo unaotolewa katika lambo la mita za ujazo 20,000 ni mlima, na mkandarasi aliyelipwa kwa mita za ujazo alizochimba hana sababu ya kuusafirisha, kwa hiyo huurundika ukingoni na kuondoka. Katika ardhi kavu rundo hilo ni uchafu tu. Katika tambarare ya mafuriko, ambako maji husambaa kama shuka na tofauti ya mwinuko kati ya sehemu moja na nyingine inaweza kuwa ndogo mno, rundo hilo huwa tuta, nalo huyazuia maji upande mmoja na kuyanyima upande mwingine. Mfereji wa kulishia lambo ni mbaya zaidi kuliko lambo lenyewe, kwa sababu hukata tambarare na kuyakusanya maji yaliyokuwa yakipita polepole juu ya eneo pana. Kiboko naye huchimba mifereji kwa miguu yake bila kuomba kibali, lakini hufanya hivyo kwa miaka mingi, na kinamasi hupata nafasi ya kuzoea.

Wapo wanaodhani kwamba maji ya kudumu ni neema kwa kila kiumbe. Ningependa wafikirie wale samaki wadogo wa madimbwi ya msimu, wa jenasi Nothobranchius, ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye aina zao nyingi. Samaki hao hutaga mayai katika tope, dimbwi likikauka wazazi hufa, mayai hungoja ndani ya udongo mkavu kiangazi kizima, na mvua zikirudi vifaranga huanguliwa. Maisha yao yote yanategemea dimbwi kukauka. Tukiligeuza dimbwi hilo kuwa lambo la kudumu, kambale na samaki wengine wakubwa huingia na kukaa, na aina iliyokuwa haipatikani kwingine inaweza kutoweka bila mtu yeyote kugundua. Mnyama mdogo kama huyo hana watalii. Sheria ya mazingira, hata hivyo, haikuandikwa kwa ajili ya wanyama wenye watalii peke yao.

Tukiwatazama wanyama wakubwa, uzoefu wa hifadhi nyingine za Afrika unatosha kutuonya. Huko Kruger, Afrika Kusini, mamia ya visima na malambo yalijengwa katika karne ya 20 kwa nia njema kabisa. Katika nyanda za kaskazini mwa hifadhi hiyo, ambazo awali hazikuwa na maji mengi ya juu ya ardhi, pundamilia na nyumbu walihamia kuyafuata maji mapya, simba wakawafuata, na korongo, yaani yule swala mkubwa anayependa nyasi ndefu na utulivu, wakashuka kutoka takriban 450 mwaka 1986 hadi takriban 45 mwaka 1993. Mamlaka za Kruger zilibadili sera na kuanza kuyafunga malambo ambayo zenyewe zilikuwa zimeyajenga. Korongo tunao Ruaha, na swala wengine waitwao palahala pia, na wote wawili ni sehemu ya sababu zinazowaleta wageni katika hifadhi hii badala ya nyingine.

Jirani zetu wa Kenya walijifunza upande mwingine wa somo hilo katika ukame wa mwaka 1970 na 1971, maelfu ya tembo walipokufa Tsavo. Wengi wao hawakufa kwa kiu. Walibaki karibu na mito yenye maji ya kudumu, wakamaliza malisho yote ya pembezoni, na wakafa kwa njaa huku maji yapo. Lambo likichimbwa bila kuhesabu malisho yaliyo umbali ambao tembo jike mwenye ndama anaweza kwenda na kurudi, matokeo yake huwa ni kuhamisha mahali pa kufia.

Na maji yaliyotuama yana magonjwa yake. Mwaka 2020 tembo wapatao 350 walikufa kaskazini mwa Botswana, na serikali ya nchi hiyo ikaeleza kwamba chanzo ni sumu ya vijidudu aina ya sayanobakteria vilivyostawi katika madimbwi ya msimu. Mwaka 2004 na 2005 mamia ya viboko walikufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda. Vimelea vya kimeta hukaa katika udongo kwa miongo mingi, na kuchimba mahali palipowahi kuzikwa au kuozea mizoga ni kuvirudisha juu, kwenye kinywa cha mnyama wa kwanza atakayekuja kunywa. Sihitaji kwenda mbali: utafiti uliofanywa katika Mto Ruaha Mkuu wenyewe na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mtiririko unapokatika, kinyesi cha viboko hujaa katika madimbwi yaliyobaki, hewa ya oksijeni katika maji hushuka, na samaki hupungua. Mto huo unapotiririka, viboko walewale na kinyesi kilekile ni sehemu ya uhai wake. Kinachotofautisha hali hizo mbili ni mwendo wa maji, na mwendo hauchimbwi kwa kijiko.

Sasa niingie katika sheria, na hapa naomba radhi kwa wale ambao kazi yao ya kila siku ni kuzisimamia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari, na sheria hiyohiyo inataka miradi inayohitaji tathmini ya athari kwa mazingira isianze kabla cheti hakijatolewa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayetaka kuchepusha, kuzuia, kuhifadhi au kuchota maji, yawe ya juu au ya chini ya ardhi, na imeweka mpangilio wa kipaumbele: kwanza matumizi ya nyumbani, pili akiba ya maji kwa ajili ya mazingira, kisha ndipo shughuli za kiuchumi kulingana na maji yaliyobaki. Aidha, tangu mwaka 2000 Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu. Ni kweli kwamba Usangu haimo katika maeneo yetu manne yaliyoorodheshwa, yaani Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na eneo la Rufiji-Mafia-Kilwa, lakini mkataba unatutaka tuitumie kwa busara ardhioevu yote iliyo ndani ya mipaka yetu, pamoja na ile isiyo na kibao cha Ramsar.

Katika mazungumzo ya ofisini huwa nasikia tafsiri kwamba lambo la wanyamapori halihitaji mlolongo huo kwa kuwa ni kazi ya uhifadhi, tena ndani ya hifadhi. Siioni tafsiri hiyo katika sheria. Maji hayajui kama aliyeyachepusha ana nia njema. Lambo la kumnywesha nyati na lambo la kumwagilia vitunguu, yakiwa na ukubwa mmoja na yamechimbwa mahali pamoja, yanauondolea mto maji yaleyale, na tofauti ya madhumuni inapaswa kuzingatiwa na anayetoa kibali wakati wa kupima maombi, isigeuzwe kuwa sababu ya kutokuyapokea. Nalisema hili pia kwa maeneo ya jumuiya za hifadhi za wanyamapori na kwa wawekezaji wa kambi za kitalii ambao hupenda lambo liwe mbele ya baraza ya wageni. Lambo la namna hiyo ni mapambo ya biashara, ambayo si kosa, ila liombewe kibali kama sehemu ya biashara na lilipiwe ada ya maji kama biashara.

Lipo suala la haki ambalo siwezi kuliruka. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji pamoja na mifugo yao waliondolewa Usangu kwa hoja kwamba Ihefu inakauka na mto unakufa, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wakulima wamebaki wakielezwa kila mwaka kuhusu mita 60, kuhusu vibali vya mabanio, yaani vizuizi vya kuchepushia maji ya mto kwenda mashambani, na kuhusu kufunga mifereji kiangazi. Wengi wameitikia, wengine kwa kunung'unika. Wafugaji na wakulima hao wakiona mtambo wa serikali unaingia katika kinamasi kilekile walichoondolewa, unachimba na kurundika kifusi bila tangazo lolote kwenye ofisi ya kijiji, hakuna mkutano wa hadhara utakaowashawishi tena kwamba katazo lilikuwa kwa ajili ya maji.

Haina maana kwamba malambo hayana mahali pake. Katika Hifadhi ya Mkomazi, ambako hakuna mto wa kudumu unaopita katikati, mabwawa kama lile la Dindira yamekuwa msaada wa wazi kwa wanyama, na mtu anayetaka kuongeza lambo katika nchi kavu ya namna hiyo anastahili kusikilizwa. Hata Ruaha, pembeni mwa mto na nje ya ardhioevu, huenda pakapatikana sehemu chache zinazofaa, mbali na mito ya mchanga kama Mwagusi na Mdonya ambako tembo huchimba visima vyao wenyewe kwa mkonga na kuwaachia wanyama wengine maji. Mito hiyo ya mchanga isiguswe na mtambo hata kidogo, kwa kuwa mchanga ndio tangi la maji yake na kuuondoa ni kulitoboa.

Pale ambapo lambo litaonekana kufaa, lijengwe kama kazi ya uhandisi. Kingo ziwe na mteremko mrefu na mlegevu, angalau hatua tatu za mlalo kwa hatua moja ya kina, na upande wa kuingilia uwe mlegevu zaidi, kwa sababu lambo lenye kuta za wima ni mtego ambao ndama wa tembo na watoto wa swala hunasa humo wakafa, na mizoga yao huchafua maji ya wengine. Kifusi kitolewe kabisa katika njia ya maji, na mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho kabla hakijaondolewa; sharti hilo moja, likiwekwa kwenye mkataba, litafanya kazi kuliko semina tatu. Kazi isifanywe masika, mtambo unapozama na kuacha makovu ya matairi yanayogeuka mifereji, wala isifanywe katika kilele cha kiangazi wanyama wanapokuwa wamejazana hapohapo. Mtambo uoshwe kabla ya kuingia hifadhini, kwani mbegu za magugu vamizi husafiri katika tope la minyororo yake, na mafuta yake yahifadhiwe mbali na maji.

Umbali wa lambo na mashamba ya watu upewe uzito wa pekee. Lambo lililo karibu na mpaka wa hifadhi huwavuta tembo kuelekea vijijini na kuivuta mifugo kuelekea hifadhini, na ugomvi unaozaliwa hapo hautatuliwi na aliyechimba bali na ofisa wanyamapori wa wilaya ambaye hakuulizwa. Vilevile lambo lipewe mwisho wake tangu mwanzo. Namaanisha kwamba kibali kieleze ni lini litapumzishwa na kuachwa likauke, nani atapima maji na malisho yanayolizunguka, na ni hali gani ikitokea lambo litafukiwa kwa gharama ya nani. Kruger walilazimika kuyatafuta majibu hayo baada ya kuchimba, sisi tuna nafasi ya kuyaandika kabla.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Frederick Sumaye, aliahidi kwamba Ruaha Mkuu utarudi kutiririka mwaka mzima ifikapo mwaka 2010. Ahadi hiyo haikutimia kwa wakati wake, wala sidhani kwamba ilikuwa ahadi ya kipuuzi. Ilikuwa sahihi kuliko mipango mingi iliyofuata, kwa sababu ilitaja kitu cha kupimwa, yaani mto unaotiririka, na tarehe. Maji ya kuitimiza hayapo ndani ya Ihefu. Yapo juu yake, katika mabanio yanayoendelea kuchukua maji kiangazi baada ya mpunga kuvunwa, katika mifereji ya udongo inayovuja na kutorudisha maji ya ziada mtoni, na katika vibali vilivyotolewa kwa wingi wa maji ya masika huku vikitumika mwaka mzima. Kila shilingi ya mafuta itakayochomwa kuchimba kinamasi ingefaa zaidi ikiweka milango ya kufungika na vipimo vinavyosomeka katika mabanio hayo, pamoja na kumlipa msomaji wa vipimo anayekaa jirani nayo.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kwamba uchimbaji wowote ndani ya ardhioevu ya Usangu usimamishwe hadi Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ipime na kutangaza usawa wa kizingiti cha Ng'iriama dhidi ya usawa wa maeneo yanayopendekezwa, na kwamba sehemu yoyote ambayo sakafu ya lambo ingekuwa chini ya usawa huo ifutwe kwenye mapendekezo moja kwa moja. Naomba malambo yote yaliyokwishachimbwa kwa ajili ya wanyamapori katika hifadhi, mapori ya akiba na maeneo ya jumuiya yaorodheshwe, yakiwa na kibali chake au kukosekana kwake, na kila moja litolewe uamuzi wa kubaki, kupumzishwa au kufukiwa. Utaratibu huohuo utumike Kilombero, ambako sheshe, swala wa maeneo ya majimaji, wanategemea tambarare ya mafuriko ambayo tayari imeminywa pande zote, na Malagarasi-Muyovozi, ambako ukubwa wa eneo huwafanya watu wadhani kwamba shimo moja halina hasara.

Naomba pia nakala za maombi ya vibali, pamoja na michoro yake, zibandikwe katika ofisi za vijiji na kata zinazopakana na eneo la mradi angalau mwezi mmoja kabla ya uamuzi, kwa lugha ambayo mwenyekiti wa kitongoji anaisoma bila mkalimani. Wazee wa Usangu wanajua maji ya kila bonde yalikuwa yakifika wapi kabla ya mabanio kujengwa, na mawazo yao hayagharimu chochote kuyapokea.

Mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na fedha za mitambo zikishapangiwa kazi hutafutiwa kazi hiyo hata kama sababu yake imekwisha. Ningeshukuru kupata majibu yenu kwa maandishi kabla ya tarehe hiyo, yakieleza ni ofisi ipi kati ya zilizotajwa hapo juu itakayobeba dhamana ya kupima kizingiti na ni lini kazi hiyo itaanza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi mstaafu wa maji,
Mbarali, Mbeya.